Digrii Kumi na Moja za Mwalimu Yustina

Walisema sitamaliza shule ya kati, nikamaliza. Walisema Asajile huyu, anayetembea kana kwamba barabara ya Mbeya ilichongwa kwa ajili yake, ataishia kubeba magunia ya mchele sokoni. Nikapanda meli, nikakaa ng'ambo miaka mitatu, nikarudi na diploma ya ufundi wa maabara, na hadi leo imetundikwa sebuleni kwangu Uyole mahali ambapo mgeni hawezi kuketi bila kuiona. Sioni haya kuyasema. Niliyoyapata niliyatafuta mwenyewe, na waliobisha wengine wao walikuja baadaye kuniomba niwaandikie watoto wao barua za kazi. Lakini katika yote waliyosema, ni moja tu lililoniuma, na lilisemwa na mpishi, mzee Ambilikile, akiwa amesimama mlangoni pa jiko na upawa mkononi. Alimwambia mwalimu wangu, mimi nikisikia: "Huyu hatarudi hapa kusema alikosea. Wa namna hii hawarudi."

Maneno hayo yalinirudia mwezi uliopita kule Kilolo, tulipokwenda kumzika mwalimu huyo, Mwalimu Yustina. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya mashamba tangu alfajiri, na nyuma ya nyumba wanawake walikuwa wakihangaika na sufuria mbili kubwa za maharage. "Haya maharage ni mawe au nini?" mmoja aliuliza. "Kuni mbichi hizi," mwingine akajibu. "Kuni gani! Ni yule aliyetuuzia." Mimi sikuweza kunyamaza. Nilisogea na fimbo yangu, nikaanza kuwaeleza habari za hewa na mlima, hadi mama mmoja akanikatiza kwa upole, "Babu, moshi huo utakuumiza macho. Rudi kwa wazee wenzako." Nilikuwa nimeshageuka pale binti mmoja, mjukuu wa marehemu, aliposema huku akipuliza moto, "Mwacheni. Bibi naye alikuwa akisema hivyo hivyo. Alisema hapa kwetu ni mia mbili tu." Nikashika ukuta. Watu walidhani ni uzee.

Mwaka ninaousimulia ni wa katikati ya miaka ya hamsini, nikiwa darasa la saba katika shule moja ya kati pale Mbeya. Habari za kwetu, nani alinizaa na tulikuwa wangapi, naziruka. Ijulikane tu kwamba mwaka huo nilikaa katika chumba cha uani kwa Bwana Abdallah, mfanyabiashara ambaye babu zake walitoka pwani, na kodi yangu ilikuwa kuchanja kuni na kuteka maji. Chumba kilinuka mafuta ya taa na mikungu ya ndizi. Ukuta kati yangu na jiko la Bi. Zuhura, mke wa Bwana Abdallah, ulikuwa wa mbao za masanduku ya chai, kwa hiyo kila neno la jikoni lilinifikia likiwa zima. Na maneno ya jikoni mwaka ule yalikuwa ya maharage. Dada yake Bwana Abdallah, Bi. Mwanaidi, alikuja kutoka Kilwa kusalimia akakaa miezi. Kila jioni nilimsikia: "Wifi, haya umeyabandika saa ngapi?"

"Tangu adhuhuri."

"Kwetu Kilwa nikibandika adhuhuri, alasiri watu wanaramba vidole. Hapa tunakula changarawe. Lakini ndiyo hivyo, wasichana mliozaliwa bara mtafundishwa na nani?"

Nilisikia upawa wa Bi. Zuhura ukikwaruza sufuria. Usiku alinipakulia sahani yangu mlangoni, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Asajile mwanangu, kweli ni magumu?" Nami, ambaye sikuwahi kumficha mtu ninachokijua, nilimjibu, "Magumu kidogo, Bi. Zuhura." Leo ningemjibu vingine.

Mwalimu Yustina alitujia mwezi wa kwanza. Alikuwa Mhehe wa Kilolo, mfupi, na sweta la kijani alilolivaa jua na mvua. Mwanamke kufundisha sayansi kulikuwa kichekesho kwa wengi, na mwalimu mkuu hakuficha kwamba naye alikuwa miongoni mwao. Alimpa stoo ya majembe iwe chumba cha sayansi, akamwambia mbele yetu, "Majembe yamehama kwa muda tu, Mwalimu. Siku nikiona hapa hakuna kinachofanyika, yanarudi." Chumba kilikuwa na harufu ya kutu na dirisha moja. Hakikuwa na chupa, mizani wala taa. Mwalimu Yustina alizunguka mle ndani mara moja, akafuta meza kwa kiganja, akasema, "Vyombo tutaazima. Maabara yetu ni huu mji." Kisha akatuuliza, "Kwenu jirani akikuleteeni chakula, sahani mnairudisha tupu?"

"Hapanaaa!" darasa zima likaitikia, maana hata mtoto wa miaka mitano alijua kwamba sahani ya jirani hairudishwi bila kitu ndani yake, iwe ndizi mbili au chumvi.

"Na sisi hivyo hivyo. Chombo cha mtu kikitufundisha jambo, anayekirudisha anarudi na jambo hilo. Analisema kwa lugha ambayo mwenye chombo anaielewa, Kisafwa, Kinyakyusa, Kiswahili, yoyote. Na lazima liwe kweli."

Tukawa darasa la waazimaji. Mtaa mzima ulituzoea. Bwana Abdallah alitupa mizani ya sukari siku za Jumamosi, na Mwalimu, badala ya kuirudisha upesi, aliwaita akina mama wa mtaani wapime watoto wao wachanga dukani pale pale, kwenye sinia lililotandikwa kanga, huku Bwana Abdallah akilalamika kwamba wateja watadhani anauza watoto kwa ratili. Alilalamika, lakini ndiye aliyekuwa wa kwanza kutangaza, "Huyu ameongezeka nusu ratili! Mama, hongera!" Mwalimu alipoingia nyumba ya mtu alipiga magoti kusalimia, kama wanawake wa kwao walivyofanya, kisha akauliza maswali hadi chai ipoe. Kwa nini majivu haya na si yale? Pombe hii mnajuaje imeiva? Wazee waliokuwa wakimcheka mwezi wa kwanza, kufika wa nne walikuwa wakimwekea kigoda.

Chombo kilichotushinda kupata kilikuwa kipimajoto. Hospitali wasingetuazima chao, tena kingepasuka kwenye maji ya moto. Ndipo tukasikia habari za mzee Ambilikile. Alikuwa Mnyakyusa, mpishi wa Wazungu kwa miaka mingi, na bibi mmoja wa shambani alipoondoka kurudi kwao alimwachia kipimajoto cha kupikia jemu, cha kioo na shaba, kirefu kama mkono wa mtoto. Mzee alikitunza ndani ya soksi. Jemu yake ya matunda damu iliuzwa mjini kwa jina lake, na watu walisema siri ni hicho kioo. Mwalimu Yustina alikwenda mwenyewe, akapiga magoti, akauliza maswali yake, na siku ya tatu akatoka na soksi.

Siku ya kuchemsha maji nilichaguliwa mimi kusoma kipimo. Nani mwingine? Nilikuwa nimeazima kitabu pekee cha sayansi cha Mwalimu, cha Kiingereza, nikakisoma hadi kurasa ambazo darasa lingezifikia baada ya Pasaka. Nilijua kabisa kwamba maji huchemka kwenye digrii mia mbili kumi na mbili, kwa vipimo vya Farenhaiti tulivyotumia wakati ule. Sufuria ya Bi. Zuhura ikaanza kutoa povu kubwa, Mwalimu akiwa mlangoni akizungumza na mwalimu mkuu aliyekuja kuchungulia. Nikainama. Mia mbili na moja. Nikasubiri. Maji yalikuwa yakirukaruka, mvuke ukinichoma pua, na ule uzi wa zebaki umekaa palepale, mia mbili na moja.

"Ngapi, Asajile?" Mwalimu aliita.

Nilimtazama mwalimu mkuu, nikatazama darasa. "Mia mbili kumi na mbili!"

Mwalimu mkuu alitikisa kichwa kwa kuridhika akaenda zake. Mwalimu Yustina hakuja kuhakikisha. Aliniamini. Akaweka alama ya vema kwa wino mwekundu kwenye daftari langu, nami sikujisikia vibaya hata kidogo. Niliona nimemwokoa na aibu ya chombo kibovu.

Kama ningeishia hapo, labda nisingekuwa na la kusimulia. Lakini zamu ya kurudisha kipimajoto ilikuwa yangu, na ilinibidi nirudi na neno. Nilimkuta mzee Ambilikile jikoni kwake na wapishi wenzake watatu, wakionja jemu. Nikasimama wima kama mkaguzi, nikasema, "Mzee, neno nililokuja nalo ni hili. Kipimajoto chako kibovu. Kinapunguza digrii kumi na moja. Mwalimu hajui, nimemfichia."

Kisha mpishi mmoja akacheka hadi akashika meza. "Ambilikile! Kumbe miaka yote unatupikia kwa kioo cha uongo!" "Ndiyo maana ile ya juzi haikushika," akasema mwingine. Mzee alikitia kioo ndani ya soksi polepole, na mimi nikaondoka nikiwa na hakika kwamba nimefanya kazi nzuri.

Kesho yake mji wote ulikuwa na habari. Mzee Ambilikile alikuja shuleni na kofia yake nyeupe ya upishi, akaenda moja kwa moja kwa mwalimu mkuu. Alisema alikuwa ameazimisha chombo na amerudishiwa matusi. Alisema atakwenda kwa kila mwenye chombo mtaani, kuanzia kwa Abdallah, kuwaambia nao wafunge makabati. Mwalimu mkuu akamgeukia Mwalimu Yustina, akasema kwa sauti ya kawaida tu, "Likizo ni wiki ijayo. Shule ikifunguliwa mzee huyu akiwa bado ana kinyongo, majembe yanarudi stoo." Mwalimu akaniita. "Kilisoma ngapi, Asajile?"

"Mia mbili na moja. Nikasahihisha."

Nilitegemea kofi. Hakunipiga. Akatembea hadi kwa mzee Ambilikile, na pale kwenye vumbi la uwanja, shule nzima ikitazama, akapiga magoti na kumsalimia kwa Kihehe. "Kamwene, baba. Kosa ni langu. Mimi ndiye niliyemfundisha, na mimi ndiye niliyemtuma." Mzee alimwinua haraka, amechanganyikiwa. Jioni ile Mwalimu alimfuata hadi nyumbani, mimi nyuma yake, akaomba tena kile kioo, kwa likizo tu. Mzee akamkabidhi soksi. "Nakuazima wewe. Huyu asikiguse." Ndipo aliposema yale ya kwamba wa namna yangu hawarudi. Njiani Mwalimu aliniambia, "La kwangu nimelilipa. La kwako bado."

Nyumba yake ilikuwa chumba kimoja chenye kitanda, rafu ya mawe na mbegu, na jiko la mafuta. Alinipa viazi na chai ya maziwa, akakaa kunitazama nikila. "Umesema kilisoma mia mbili na moja. Na kitabu kinasema mia mbili kumi na mbili. Nani mwongo?"

"Kioo, Mwalimu."

"Kwa nini si kitabu?"

Sikuwahi kusikia mtu akiuliza hivyo. Nikajitetea kwa kuropoka lolote, na katika kuropoka nikafika kwenye maharage. Nilimwambia huku Mbeya hata maharage hayaivi sawasawa, na kwamba Bi. Mwanaidi anamsimanga wifi yake kila jioni kwa habari za Kilwa. Mwalimu akaweka kikombe chini. "Sema tena. Kilwa yanaiva kwa muda gani?" Nikamwambia. Akasema kwamba nyumbani Kilolo mama yake hubandika maharage asubuhi wale jioni, na alipokwenda kusomea ualimu kule chini kwenye joto, alishangaa kuyakuta yameiva mapema mchana. "Maharage yale yale, Asajile. Kuni zile zile."

"Kwa hiyo ni nini, Mwalimu?"

"Sijui," alisema, na macho yalimng'aa kama ya mtu aliyepewa zawadi. "Sijui. Likizo utanisindikiza nyumbani. Utabeba birika."

Ndivyo nilivyosafiri kwa basi kutoka Mbeya hadi Iringa na birika mapajani. Kipimajoto kilikuwa kifuani mwa Mwalimu, ndani ya sweta, nami niliruhusiwa kukisoma lakini si kukigusa. Basi liliposimama Chimala, chini kwenye joto la bonde, tuliazima moto kwa mama mmoja muuza chai. Abiria wakatuzunguka. "Mwalimu, unapika nini humo?" "Maji." "Maji tu? Bila majani?" Dereva akapiga honi. "Jamani, tuondoke, huyu dada anapika maji!" Nikainama. Mia mbili na sita. Nilisoma mara tatu, kwa sauti, kila abiria akisikia. Mama wa chai akauliza, "Sasa hiyo mia mbili na sita ni ya nini?" Mwalimu akamwambia, "Hatujajua bado. Mtoto huyu tukirudi atakuambia." Makambako, palipo na baridi, ilikuwa mia mbili na mbili. Iringa mjini mia mbili na tatu. Na Kilolo, milimani kwa mama yake, katika jiko lililojaa moshi na mahindi yaliyoning'inizwa, ilikuwa mia mbili.

Pale jikoni ndipo nilipoiona. Nitasema ukweli, sikuelezwa, niliiona mwenyewe, na diploma yote iliyofuata ilikuwa ni kuongeza majina. Tulikuwa tumeandika namba kwa mkaa sakafuni, na nikasema, "Mwalimu, tukipanda, inashuka." Akasema, "Endelea." Tukaenda hivyo, yeye akiuliza na mimi nikijibu, hadi tukafika kwenye hewa. Hewa iko juu yetu kama mfuniko mzito. Bondeni mfuniko ni mzito zaidi, maji hayapati kuchemka mpaka yawe ya moto sana. Mlimani mfuniko ni mwepesi, yanachemka mapema, kabla ya kufikia moto ule. Kwa hiyo yanaruka na kutoa povu kama yoyote, lakini moto wake ni mdogo, na maharage yanachelewa. Kitabu hakikusema uongo. Aliyekiandika alikuwa amekaa karibu na bahari. Na kioo cha mzee Ambilikile kilikuwa kizima kabisa. Mama yake Mwalimu, aliyekuwa akituangalia tulivyochafua sakafu, akasema, "Na hayo yote mlikuwa hamyajui shuleni? Maharage ya mlimani yanataka subira, nani asiyejua." Mwalimu alicheka hadi akakaa chini.

Siku ya kurudi ndiyo siku ninayoihesabu kuwa kubwa kuliko ile niliyopokea diploma. Tulilala njiani, na mchana basi likasimama Chimala kidogo tu, bila hata kuzima injini. Nikatoa kichwa dirishani, nikampigia kelele mama wa chai, "Mama! Hapa kwako maji yana moto kuliko ya Mbeya! Chai yako inakolea upesi kwa sababu uko bondeni!" Basi zima likacheka, naye akapunga kitambaa. "Nilijua tu chai yangu ni bora!"

Alasiri tukafika Mbeya. Nilimrudishia Bi. Zuhura sufuria yake tuliyochemshia maji darasani, na sikungoja tuwe wawili. Nilingoja Bwana Abdallah aketi na Bi. Mwanaidi atoke kusali, kisha nikasimama uani, nikaeleza mfuniko wa hewa kwa Kiswahili ambacho kila mmoja angekielewa, nikamalizia, "Bi. Mwanaidi, hata wewe ukipika hapa yatakuwa magumu. Si mkono. Ni mlima."

"Mlima!" akaguna Bi. Mwanaidi.

"Kabandike wewe kesho, dada," alisema Bwana Abdallah, "tuone." Bi. Zuhura alichukua sufuria, akaigeuza kuitazama chini, akaipangusa kwa ncha ya kanga ingawa ilikuwa safi, na akaendelea kuipangusa.

Mlango wa mzee Ambilikile niliufikia jua likiwa bado juu ya mlima. Mwalimu alimkabidhi mzee soksi yake, kisha akarudi kusimama mbali, njiani. Wapishi walikuwa walewale watatu, na nilishukuru, kwa sababu aliyeaibishwa mbele ya watu hawezi kusafishwa faraghani. Mimi niliyesoma kurasa za mbele sikuwa na ukurasa wa kusoma pale. Nilimwambia kwa Kinyakyusa, ili pasiwe na pa kujificha: "Tata, kioo chako kilisema kweli. Mimi ndiye niliyesema uongo. Nilikosea." Kisha nikawaeleza wote watatu namba za Chimala, Makambako, Iringa na Kilolo, na kwamba kila mahali kioo kilijua kilipo kuliko mimi. Mzee alinisikiliza hadi mwisho. Akawageukia wenzake. "Mmesikia? Kilijua kilipo." Akaingia ndani, akatoka na kijiko cha jemu, akanisogezea mdomoni kama mtoto. "Ndaga, asante mwanangu. Mwambie mwalimu wako kabati liko wazi." Kisha akanipa kile kioo nikishike kwa mikono yangu miwili, nami mwenyewe nikakirudisha ndani ya soksi.

Nilidhani nimemaliza. Tulipofika chumbani kwa Mwalimu nikamwambia, "Wote, Mwalimu. Nimewalipa wote." Akaitikia tu, akawasha jiko. Hapo nikakumbuka ni nani mwingine aliyeniazima kitu mwaka ule bila kunitaka nikirudishe. Nilifungua mkoba, nikatoa daftari, nikalifungua kwenye ule ukurasa wenye alama ya vema aliyoiweka kwa kuniamini, bila kuja kuhakikisha. Nikaifuta mia mbili kumi na mbili kwa mstari mmoja, nikaandika pembeni mia mbili na moja, Mbeya, nikamwekea mbele yake. Mwalimu Yustina alichukua kalamu nyekundu, akaikata vema yake ya zamani, akaweka nyingine. Kisha akafikiri kidogo, na chini yake, kwa mwandiko wake mdogo, akaniandikia swali nililomjibu miaka minane baadaye, kwa barua ya mstari mmoja kutoka Dar es Salaam, ambako kabla hata ya kwenda kuitazama bahari niliazima birika na moto: *Na pwani je?*